Mtoto ameanza kutambaa: jikoni tuanzie wapi?

Baba wa Mmoja

Salaam kwenu nyote. Nina binti wa miezi 8 ambaye mwezi uliopita alikuwa anakaa pale pale ulipomweka, na sasa ukigeuka kuchukua kijiko humkuti tena ulipomwacha. Siku nyingi ni mimi ninayepika, kwa kuwa mama yake hurejea kutoka kazini baada ya giza kuingia, na jiko letu halina mlango. Limeungana na sebule, kiasi kwamba mtoto akitoka kwenye mkeka wake anatambaa mita mbili tu na kufika miguuni pangu.

Juzi nilikuwa nimempa mgongo nikikata kitunguu, nikasikia kitu kikikwaruza juu ya kaunta, na nilipogeuka nikamwona ameushika waya wa birika la umeme uliokuwa unaning'inia, anauvuta kwa mikono miwili kama mtu anayeteka maji kisimani. Birika lilikuwa tupu. Dakika kumi kabla ya hapo halikuwa tupu, na jambo hilo limeninyima usingizi.

Nina maswali mawili. Kwanza, mtu anayeanza kulipanga jiko upya kwa ajili ya mtoto aanze na nini, na je, vile vifungo vya makabati vinavyouzwa kwa ajili ya watoto vina manufaa ya kweli? Pili, mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana na ambaye hukaa na mtoto siku tatu kwa wiki, anasema kwamba aliwalea watoto watano jikoni bila kufunga chochote, na kwamba mtoto hufundishwa kwa neno, hafungiwi makabati. Ninatafuta namna ya kulizungumza jambo hili naye bila kumvunjia heshima.

Muuguzi wa Zamu

Pole kwa mshtuko, ndugu yangu. Ningekuomba vifungo vya makabati uviweke kando kwa siku mbili tatu, maana kilichokutisha hakikuwa ndani ya kabati. Kilikuwa juu ya kaunta, na ndivyo ilivyo kwa wengi wa watoto wa umri huo niliowahudumia wakiwa wameungua: mwenye kuunguzwa na mwali wa moto ni nadra, ilhali mwenye kujimwagia chai, maji ya birika au mchuzi ni wa kila siku. Mara nyingi jeraha lenyewe hukusimulia kilichotokea kabla mzazi hajafungua mdomo, kwa sababu mtoto aliyevuta chombo kutoka juu huungua usoni, shingoni, kifuani na kwenye mkono mmoja.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yetu, na kwa hiyo joto huzama haraka na kwa kina zaidi. Maji ya nyuzijoto 60, ambayo mtu mzima anaweza kuyaona kuwa ya kawaida kwa kuoshea vyombo, humletea mtoto jeraha baya kwa sekunde chache, wakati yale ya nyuzijoto 49 huhitaji dakika kadhaa kufanya hivyo. Ndiyo maana wenye mitambo ya kuchemshia maji nyumbani hushauriwa waishushe isizidi nyuzi hizo 49. Kikombe cha chai nacho kinadanganya. Kinaweza kumbabua mtoto hata dakika 15 baada ya kumiminwa, yaani wakati ambapo wewe mwenyewe umeshakisahau.

Kwa hiyo anza na mazoea yako mwenyewe, ambayo hayagharimu chochote. Waya wa birika ufupishwe au ukunjwe nyuma ya birika, na birika lenyewe lisogezwe hadi ukutani. Sufuria zipikiwe kwenye mafiga ya nyuma ya jiko kila inapowezekana, na mikono ya sufuria na vikaango ielekezwe ndani, isichungulie nje ya kaunta. Kitambaa cha meza kiondolewe kabisa mpaka mtoto awe mkubwa, kwa sababu mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kinachoning'inia ili ajivute, na kitambaa hicho huja na vyote vilivyo juu yake. Usinywe kinywaji cha moto ukiwa umempakata, na usipike ukiwa umembeba kifuani, hata kama analia. Ninajua hili la mwisho ni gumu. Mimi mwenyewe nimelivunja, na nikajuta kwa sababu ya tone moja la mafuta.

Ikiwa unapasha maziwa kwenye maikrowevu, fahamu kwamba hayapati joto sawasawa; chupa huweza kuwa ya uvuguvugu kwa nje na ndani mna sehemu inayounguza. Itikise, kisha udondoshee ndani ya kifundo cha mkono wako kabla ya kumpa.

Na endapo ajali itatokea licha ya yote hayo, mpeleke mtoto kwenye maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida na si ya barafu, na uyaache yapite juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili kwa saa ya ukutani, huku sehemu nyingine za mwili wake ukizifunika ili asipatwe na ubaridi. Mvue nguo zilizolowa maji ya moto, isipokuwa zile zilizogandia kwenye ngozi. Usipake siagi, dawa ya meno, yai wala mafuta ya aina yoyote. Vyote hivyo huzuia joto lisitoke, na daktari atalazimika kuvikwangua mtoto akiwa katika maumivu. Baada ya hapo funika jeraha kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, uende hospitali. Kwa mtoto mchanga jeraha lolote lililotoa malengelenge, au lililo usoni, mikononi au sehemu za siri, ni la kuonwa siku hiyo hiyo.

Fundi wa Makabati

Ninaafikiana na muuguzi kuhusu mpangilio, lakini kwa kuwa umeuliza juu ya vifungo, naomba nikujibu kama mtu aliyevifunga katika nyumba nyingi na kuviona vikishindwa katika nyumba kadhaa.

Vipo vya aina tatu utakavyokutana navyo. Kuna vile vya ulimi wa plastiki vinavyofungwa kwa skrubu ndani ya mlango, ambavyo hukuruhusu kuufungua mlango kidogo kisha unaubonyeza ulimi kwa kidole; hivi ni imara, ila ule uwazi mdogo unatosha kubana vidole vya mtoto. Kuna vya sumaku, ambavyo havionekani kwa nje na hufunguka kwa kusogeza ufunguo wa sumaku juu ya mlango. Ndivyo ninavyovipenda zaidi, mradi ufunguo wake usikae juu ya friji katika kimo ambacho mtoto wa miaka mitatu mwenye stuli atakifikia. Halafu kuna mikanda ya kubandika kwa gundi. Mikanda hiyo inafaa kwa friji, oveni na kwa nyumba ya kupanga ambamo huruhusiwi kutoboa, lakini karibu na sinki gundi hulegea kwa mvuke, na usipousafisha mlango kwa spiriti na kuiacha gundi ikauke usiku kucha, mkanda utabanduka ndani ya wiki moja.

Hakuna haja ya kufunga kila kabati. Funga lile la chini ya sinki, droo ya visu, na lile lenye vyombo vya kioo. Lakini hata kabati la chini ya sinki ningelifunga baada ya kuvihamisha vilivyomo: sabuni za maji, dawa ya kuzibulia mabomba, dawa ya kung'arishia nguo na viuadudu vihamie juu, kwenye rafu ambayo hata wewe unanyoosha mkono kuifikia. Kifungo hununua dakika chache tu. Hata vifuniko vya chupa za dawa vinavyoitwa salama kwa watoto havijatengenezwa vimshinde kila mtoto. Marekani ilipitisha sheria yake ya vifungashio vya namna hiyo mwaka 1970, na kipimo kinachotumika huko kinataka angalau asilimia 85 ya watoto wanaojaribiwa washindwe kukifungua kifungashio kabla ya kuonyeshwa namna, na asilimia 80 washindwe baada ya kuonyeshwa. Maana yake kifuniko kinaweza kufaulu mtihani huo huku mtoto mmoja kati ya watano akiwa amekifungua. Watoto hao wa majaribio wana umri wa miaka mitatu na nusu hadi minne na kitu, kwa hiyo binti yako bado yuko mbali, ila atafika.

Jambo moja ambalo wengi hawalikumbuki ni jiko la kusimama lenye oveni. Mtoto akiupanda mlango wa oveni uliofunguliwa, uzito wake unaweza kulipindua jiko zima kuelekea mbele, pamoja na sufuria zilizo juu. Majiko mengi huja na kipande cha chuma cha kulishikiza ukutani au sakafuni, na mara nyingi kipande hicho hubaki kwenye boksi pamoja na kitabu cha maelekezo. Kitafute. Na kama unatumia gesi, vifundo vya kuwashia vilivyo mbele ya jiko vinachomoka kwa kuvutwa tu. Ukimaliza kupika vichomoe uviweke juu, na ufunge valvu ya mtungi.

Bibi wa Wajukuu Sita

Mwanangu, nitaanza kwa kumtetea mama mkwe wako, kisha nitamkosoa, maana tunalingana umri na ana haki ya kukosolewa na rika lake.

Anaposema kwamba watoto watano walikua bila makabati kufungwa, hasemi uongo. Asichokikumbuka ni kwamba nyumba zetu zilikuwa na watu. Palikuwa na shangazi, palikuwa na binti wa miaka kumi na miwili ambaye kazi yake ilikuwa kumfuata mtoto kila anakoelekea, na makabati hayo yenyewe hayakuwa na dawa nusu dazeni za kusafishia. Wewe uko peke yako na kitunguu na kisu. Tena kufundisha kwa neno kunafaa, nami nimefundisha hivyo, lakini si kwa mtoto wa miezi 8. Mwambie "moto", atakutazama, pengine atauondoa mkono, na baada ya dakika mbili ataurudisha, si kwa ukaidi bali kwa sababu akili yake bado haiwezi kulishika katazo na kulitumia anapovutiwa na kitu kinachong'aa. Hata mtoto wa miaka miwili, anayeweza kulitamka katazo lenyewe kwa sauti, mara nyingi hulitamka huku mkono ukiendelea. Endelea kumfundisha, ila usilipange jiko lako kana kwamba ameshajifunza.

Sasa niwasimulie langu, ambalo sikulisema kwa miaka mingi. Kijana wangu wa pili, akiwa na mwaka mmoja na nusu, alikunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya maji. Mimi ndiye niliyeyamimina humo, kwa sababu dumu lilikuwa zito na chupa ilikuwa rahisi kushika. Alikunywa funda moja, akakohoa, na jirani mwenye nia njema akataka kumtia kidole kooni atapike. Aliyetuzuia ni mwuza dawa aliyekuwa anapita, akatueleza jambo ambalo sijalisahau: mafuta ya taa yakikaa tumboni hudhuru kidogo kuliko yakiingia mapafuni, na mtoto anapotapika ndipo yanapopata njia ya kuingia mapafuni. Vivyo hivyo kwa dawa za kuzibulia mabomba, ambazo zimeunguza koo mara moja zikishuka na zitaliunguza tena zikipanda. Kwa hiyo usimtapishe mtoto, usimlazimishe kunywa maziwa kwa kudhani yatavunja sumu, na ukienda hospitali chukua chombo chenyewe pamoja na maandishi yake. Na mafuta, dawa au sabuni visihamishiwe kamwe kwenye chupa iliyowahi kuwa na kinywaji. Alipona, na leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, ila siku mbili zile za kumsikiliza akihema ningependa mtu mwingine asizipitie.

Kuhusu mama mkwe: usimpelekee orodha ya makosa. Mpe kazi. Mwambie unataka ushauri wake kuhusu rafu ipi ya juu iwe ya sabuni, ili na yeye asisumbuke kuifikia. Atakapokuwa ameichagua mwenyewe, ataisimamia kuliko wewe.

Mama wa Pacha

Ninaongeza vitu vidogo, kwa sababu wenzangu wameshughulikia vikubwa na mimi niliponea chupuchupu kwa kidogo.

Kuanzia miezi 9 hivi mtoto huanza kuokota kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, na hapo sakafu yote ya jiko inageuka kuwa sahani yake. Kilichonitoa jasho mimi kilikuwa betri, ile ndogo ya duara kama kifungo cha koti, iliyotoka kwenye mizani ya jikoni baada ya mizani kuanguka na kifuniko chake kufunguka. Betri ya namna hiyo ikikwama kwenye koo la chakula huanza kuliunguza kwa mkondo wa umeme unaopita kwenye ute, na ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa makubwa, hata kama mtoto haonyeshi dalili zaidi ya kutokwa udenda na kukataa chakula. Ukishuku tu kwamba imemezwa, usingoje kuiona chooni. Nenda hospitali akapigwe picha ya eksirei. Sumaku za kupamba friji nazo nilizitoa zote, kwa sababu sumaku mbili zenye nguvu zikimezwa kwa nyakati tofauti huvutana kutoka pande mbili za utumbo na kuutoboa. Watu walilalamika kwamba friji imekuwa mlango mtupu. Na ubaki mtupu.

Kwa kitu usichokuwa na hakika nacho, chukua kile kigogo cha karatasi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Chochote kinachopita ndani yake kisikae ndani ya mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kipimo hicho ni kipana kuliko koo lake, na nadhani ni vizuri kiwe hivyo. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu wake, karoti mbichi isitolewe kwa vipande vya duara, na karanga nzima zisubiri mpaka avuke miaka minne au mitano. Asali ni jambo lingine kabisa, lisilohusu kukabwa: mtoto asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu (ugonjwa wa kupooza misuli), ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzidhibiti.

Ndoo pia. Mtoto anayejifunza kusimama ana kichwa kizito kuliko sehemu nyingine za mwili wake, na akiinamia ndoo ya kupigia deki hawezi kujiinua. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha, na huzama bila kelele. Ukimaliza deki, mwaga maji kabla hujafuta mikono.

Baba wa Mmoja

Nawashukuru sana. Nimezisoma nasaha zenu mara mbili, na jana nilifanya jambo ambalo halikutajwa hapa ila lilinisaidia: nililala kifudifudi sakafuni nikatambaa jiko zima kwa mwendo wa mtoto. Niliona mambo ambayo kwa miezi minane sikuyaona, ikiwemo soketi nyuma ya pipa la taka, kibiriti chini ya jiko, na mfuko wa plastiki uliojaa mifuko mingine ya plastiki, ukining'inia kwenye kitasa katika kimo cha uso wake.

Birika limehamia kona ya ndani. Sabuni na dawa ziko juu, kwenye rafu iliyochaguliwa na mama mkwe. Bibi, ulisema kweli, kwani jioni ile ile nilimsikia akimkemea mke wangu kwa kuacha chupa ya sabuni kwenye ukingo wa sinki. Nimebandika pia mstari wa utepe wa gundi wenye rangi sakafuni, mita moja kuzunguka jiko, ambao mtoto bila shaka hauheshimu, lakini unanikumbusha mimi na wageni kwamba akiuvuka, anayepika anaacha kupika.

Swali langu la mwisho: ninapopika nikiwa peke yangu, ni salama kumkalisha kwenye kiti chake kirefu cha kulia, hapo jikoni nikimwona, au nimzuie sebuleni kwa geti?

Muuguzi wa Zamu

Vyote viwili vinafaa, kwa masharti. Kiti kikae mbali na kaunta na meza kiasi kwamba akinyoosha mguu hawezi kujisukuma, kwa sababu viti hivyo huanguka kinyumenyume mtoto anapokanyaga ukingo wa meza. Afungwe mkanda wa mabegani, kiunoni na katikati ya miguu kila mara, hata kwa dakika moja, na kiti chenyewe kiwe sakafuni, kamwe kisiwe juu ya kaunta. Akiwa na chakula mkononi usimpe mgongo. Mtoto anayekabwa hasikiki, na ukimpa mgongo hutajua. Kama hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja, kisha umgeuze umsukume mara 5 katikati ya kifua, na urudie huku mtu mwingine akiita msaada. Usimbane tumbo kabla hajatimiza mwaka, wala usiingize kidole kinywani kutafuta usichokiona.

Akianza kukichoka kiti, hapo ndipo geti litakapokufaa, na kwa kadiri unavyomweleza, nadhani ni ndani ya mwezi huu.

Fundi wa Makabati

Kwa uwazi usio na fremu ya mlango, chukua geti la kufungwa kwa skrubu ukutani, usichukue lile linalojibana kwa kujitanua; hilo la pili linahitaji nguzo mbili imara zinazotazamana, na mtoto akiliegemea kwa uzito wake wote siku atakapojifunza kusimama, linateleza. Fito zake ziwe za wima, kwa sababu za mlalo ni ngazi. Kabati moja la chini, lililo mbali na jiko, liache bila kifungo na ulijaze mabakuli ya plastiki na miko ya mbao. Utapata robo saa ya kukata kitunguu, kwa kelele nyingi.

Baba wa Mmoja

Geti nimeagiza. Kile kipande cha chuma cha kushikiza jiko nimekikuta kwenye boksi, kama ulivyosema, kikiwa bado kwenye mfuko wake pamoja na skrubu mbili. Ukuta wangu ni wa matofali; nikishindwa kutoboa kesho nitarudi kukuuliza.